Njia ya Perth Inapitia Doha

Mmeniomba niandike niliyoyaona katika kazi ya uwanja wa ndege wa Masasi, nami nimeahirisha mpaka korosho zangu zimekwisha kuokotwa na sina tena kisingizio. Habari za vyeo nitaziruka. Nilipanda nilipopandishwa, umri ulipofika nikakabidhi funguo, basi. Mtakachokipata hapa ni yale ambayo hamkufundishwa chuoni: nani alinishika mkono, nini kilinitatiza, na habari ya mama mmoja wa Mnyambe ambaye safari yake ilinifundisha juu ya umbali kuliko ndege zote nilizozipokea.

Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya kisigino. Nilizaliwa Lulindi, baba yangu alikuwa fundi seremala wa misheni, na nyumbani tuliamini kazi ya serikali huanzwa kwa viatu vya kanisani. Msimamizi wa uwanja, Mzee Nandonde, Mmakua mwenzangu, mrefu na mkavu kama ufito, alinitazama kuanzia chini kwenda juu. Akaingia stoo, akatoka na mabuti ya mpira.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, binti. Ndege inakuja baadaye. Kwanza ng'ombe."

Tukawafukuza ng'ombe. Kisha tukatembea njia yote ya kurukia, yeye upande wake, mimi upande wangu, tukiokota mawe. Siku hizo ilikuwa changarawe tupu. Alinionyesha jiwe dogo lisilozidi korosho, akaniambia jiwe la namna hiyo likirushwa na gurudumu linaweza kutia pengo kwenye pangaboi la ndege, na rubani hatalijua pengo hilo mpaka yuko juu ya Lindi. Tangu siku hiyo nimeokota mawe maisha yangu yote ya kazi. Hata barabarani nikienda kanisani nainama. Wajukuu wananicheka.

Ofisini kulikuwa na saa mbili ukutani. Moja ilionyesha saa ya hapa, nyingine ilikuwa nyuma kwa saa tatu. Nilidhani imeharibika, nikanyoosha mkono niirekebishe.

"Acha!" akasema Mzee Nandonde. "Hiyo ni saa ya dunia. Marubani wote, awe Mchina awe Mzungu, wanaitumia hiyo, wasije wakagongana kwa sababu ya kupishana saa. Ya pili ni saa ya serikali. Ya tatu haiko ukutani, iko kichwani mwa watu wote wa Masasi na Newala, inaanza kuhesabu jua linapotoka. Kazi yako ni kuzibeba zote tatu bila kuzichanganya."

Akanijaribu papo hapo. Rubani akisema kwa redio kwamba atatua saa kumi na mbili, nimwambie dereva wa gari la wagonjwa aje saa ngapi? Nikapiga hesabu kwa vidole. Saa kumi na mbili ya dunia ni saa kumi na tano ya serikali, na kumi na tano ya serikali ni saa tisa alasiri kwa watu. Akaitikia kwa kichwa, maana yake nimepata. Hakuwa mtu wa kusifu.

Nilikuwa mdadisi, na kazi yetu ina muda mwingi wa kusubiri, kwa hiyo maswali yangu yalipata nafasi. Swali la kwanza lililonikosesha raha lilihusu ndege ndogo iliyokuwa ikileta madaktari wa macho kutoka Dar. Ndege ile ile, rubani yule yule, njia ile ile, lakini miezi ya kusi ilikuwa inachelewa kuja na kuwahi kurudi. Nikamuuliza rubani. Akasema kusi likivuma, wakija huku wanalipiga kwa kifua, wakirudi linawasukuma mgongoni.

"Kwa hiyo Dar ni mbali kuja na karibu kurudi?" nikamuuliza.

"Kilomita ni zile zile," akasema, "ila mafuta hayajui kilomita. Mafuta yanajua muda."

Niliyafikiri maneno hayo wiki nzima, nikipika nayo, nikifua nayo.

Mzee Nandonde aliniongezea jingine. Alinichukua siku moja tukapanda kwa gari hadi Newala, kukagua uwanja wa kule. Mnaijua barabara ile, inavyopanda uwanda kwa kujipinda mpaka masikio yanaziba. Tulipofika akaniuliza tumetumia muda gani. Nikamjibu. Akasema ndege ikiruka Masasi, kabla hujamaliza kikombe cha chai ya moto iko juu ya Newala. Lakini, akasema, kuna asubuhi ambazo afadhali gari, hata baiskeli, kwa sababu ya ukungu.

Ukungu huo nilikuja kukutana nao peke yangu. Ilikuwa lazima ndege ichukue mgonjwa Newala, nami nilitumwa kule na redio ya mkononi. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bonde la Ruvuma, umelala juu ya uwanja kama pamba. Nikasikia mngurumo juu yangu, nisione kitu. Rubani akauliza hali ikoje. Nilitaka kumpa moyo, maana mgonjwa alikuwa ndani ya gari nyuma yangu na ndugu zake wananitazama mdomo. Nikakumbuka aliyonifundisha Mzee Nandonde: usimwambie rubani unachofikiri, mwambie unachokiona. Nikamwambia naona soksi ya upepo kwenye mlingoti wake, sioni mti ulio nyuma yake. Akasema asante, atazunguka. Akazunguka, akazunguka, ndugu wa mgonjwa wakaanza kuninung'unikia kwa Kimakonde wakidhani nimemfukuza. Kisha mti ukaonekana. Nikasema naona mti. Baada ya muda nikasema naona nyumba iliyo nyuma ya mti. Akashuka. Mgonjwa alipona, na mmoja wa wale walioninung'unikia aliniletea mihogo mwaka uliofuata. Ninyi mlio kazini sasa mna mitambo ya kusoma hali ya hewa, lakini bado nawasihi, semeni mnachokiona.

Sasa niwape habari ya Mama Asumini.

Ilikuwa miaka yangu ya mwisho kazini. Mzee Nandonde alishafariki, na njia ya kurukia haikuwa tena ile ya changarawe niliyoikuta. Asubuhi moja akaja ofisini mwanamume wa makamo ya uzee, kofia ya kiua kichwani, mguu mmoja akiuvuta kidogo. Nilimfahamu kwa sura. Alikuwa mkulima wa korosho wa Mnyambe, tulikutana kwenye msiba fulani Newala. Watu walimwita Baba Asumini.

Nikamwamkia. Akaitika, "Marahaba, Mama Upendo. Nimekuja na swali moja tu."

"Karibu."

"Perth ni mbali kiasi gani?"

"Kwa nani?" nikamuuliza, maana nilishajifunza kwamba jibu linategemea anayekwenda.

"Kwa mke wangu. Hajui Kiingereza. Hajapanda ndege. Anataka kwenda."

Akanieleza. Binti yao Asumini alisomea uuguzi Ndanda, akafanya kazi huku miaka kadhaa, kisha akapata kazi katika hospitali ya Perth, Australia. Aliolewa huko na Mtanzania wa Songea, fundi wa mitambo ya mgodini, ambaye hukaa kazini wiki nyingi mbali na nyumbani. Sasa Asumini amejifungua mtoto wa kwanza, kwa upasuaji, na yuko peke yake ndani ya nyumba. Kwetu uzazi wa kwanza hauachwi bila mama. Mama Asumini alikuwa ameshapata pasipoti na viza, mkwe ameshatuma tiketi. Kilichobaki ni ruhusa ya mumewe.

"Wewe unaonaje?" nikamuuliza.

"Mimi naona huyu binti angekuja kuzalia nyumbani," akasema kwa hasira iliyokuwa imekaa sana. "Miaka yote hii hajaja hata Idi moja. Jirani yangu ana mwana Mwanza, kila mwaka anakuja. Nikimpigia namwambia, huko kazini kwenu hakuna likizo? Anasema, baba, ni mbali. Mbali! Mwanza si mbali?"

Nikaona swali lake lilikuwa na swali jingine chini yake, nikalishika lile la juu kwanza. Nilikuwa na mpira wa miguu ofisini, wa wanangu, ulioletwa kuzibwa. Nikauchora kwa chaki: hapa Dar, hapa Australia, huku juu Uarabuni. Nikachukua uzi, nikauvuta kutoka Dar hadi Perth, ukapita juu ya bahari tupu.

"Ukinyoosha hivi," nikamwambia, "ni zaidi ya kilomita elfu nane. Lakini mkeo hatapita hapa."

"Kwa nini?"

"Hakuna ndege inayonyoosha. Ndege zinakwenda watu wanakojaa. Itampeleka kwanza juu, Doha, halafu imteremshe tena chini hadi Perth." Nikauvuta uzi upya. Ulikuwa mrefu mno kuliko wa kwanza. "Kama kilomita elfu kumi na tatu."

Akautazama uzi. "Ni sawa na mtu wa Newala anakwenda Tandahimba, gari likampitisha Masasi."

"Ndivyo hasa."

"Watu hawa wanatumia akili gani?" akasema, lakini akauchukua ule uzi, akaupima mwenyewe mara ya pili.

Wiki iliyofuata alirudi na mkewe. Mama Asumini alikuwa mfupi, mchangamfu, mwenye nembo za Kimakonde, chale hafifu kwenye paji la uso, na macho yasiyotulia. Kila picha ya ndege iliyokuwa ukutani aliitazama. Nilimpenda mara moja kwa sababu aliuliza kuliko mimi.

Akataka kujua atakaa juu muda gani. Nikamwambia kutoka Dar hadi Doha ni kama saa sita, na kutoka Doha hadi Perth ni kama kumi na nusu. Akasema saa hazimsaidii, hajawahi kuvaa saa. Nikafikiri, nikamuuliza kama amewahi kupanda basi la kutoka Dar hadi Masasi.

"Mara nyingi. Alfajiri unaondoka, jioni unafika, kiuno si chako."

"Basi kile kipande cha Doha hadi Perth ni hilo basi. Ukipanda, jihesabu uko kwenye basi. Ukihisi kama uko Lindi, bado. Ukihisi uko Mnazi Mmoja ya huku kwetu, bado. Ukihisi uko Ndanda, funga mkanda, mnakaribia."

Sisi watu wa huku hutumia mchana mzima kwenda Dar, na ndege hutumia muda huo huo kuvuka bahari nzima. Niliwahi kumweleza jambo hilo padri mmoja, akacheka hadi akatoa miwani. Mama Asumini hakucheka. Aliuliza choo kiko wapi, nikamwambia kiko humo humo ndani. Akamgeukia mumewe na kusema, "Sasa unakatalia nini?"

Kisha akauliza swali lililonishinda kwa siku mbili. "Swala zangu zitaangukia wapi?"

Mimi ni Mkristo, lakini swali la saa ni swali la kazi yangu. Nikakaa na kalamu. Ndege inaondoka Dar alasiri imekwisha kuingia, jua linazama wakiwa njiani, isha ikiwa juu ya Uarabuni. Saa ya Doha ni sawa na yetu, hapo hakuna shida. Lakini ikiondoka Doha usiku inaelekea linakotoka jua, kwa hiyo jua nalo linawajia mbio. Alfajiri inawahi, adhuhuri inawahi, na akitua Perth magharibi imekaribia, wakati hapa Masasi ndiyo kwanza saa saba mchana. Nilimweleza hivyo, na kwamba shehe wa jirani yangu amesema msafiri ana ruhusa ya kuunganisha na kufupisha, na asiyeweza kusimama aswali ameketi.

Baba Asumini alikuwa bado kwenye saa. "Kule magharibi, hapa saa saba. Saa tano hizo zimekwenda wapi?"

"Hazijaenda popote. Amezitangulia tu."

"Zikirudi, zitarudi zote?"

"Akirudi atazikuta."

Alinitazama kama anayetazama muuza dawa mnadani. Lakini ruhusa akatoa.

Mama Asumini alikwenda Dar kwa basi, mpwa wao akampokea na kumpeleka uwanjani. Baba Asumini, kwa ajili ya mguu, alibaki. Kesho yake alishuka Masasi kwa sababu kwao mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, akaja kukaa ofisini kwangu. Nilimpa kiti na chai. Upendo, binti yangu, alikuwa ameniwekea kwenye simu ramani inayoonyesha ndege zilizo angani, na tukaitafuta ndege ya Perth, tukaiona kama sisimizi juu ya bluu.

"Mbona inapinda?" akauliza.

Nikauchukua tena mpira, nikamwonyesha kwamba kilichonyooka juu ya mpira hupinda ukikilaza kwenye karatasi. Aliridhika, au alichoka. Ilipofika saa saba sisimizi akatua. Tukapeana mikono kana kwamba tumemrusha sisi.

Saa nane simu yake ikaita. Alikuwa Asumini, na sauti yake nikaisikia hadi nilipokaa. "Baba, watu wote wametoka. Mama hayumo."

Baba Asumini aliinuka kitini. Alinipa simu.

Nilimwomba Asumini asubiri, nikampigia mwenzangu wa zamani aliyekuwa akifanya kazi kwenye mnara wa kuongozea ndege Dar. Alipekua, akaniambia ndege ya Doha jana haikuondoka jioni. Ilikuwa na hitilafu ndogo, ikaondoka isha imekwisha kupita. Hapo nikaelewa. Alipotua Doha, ile ya Perth ilikuwa imeshakwenda. Tulichokuwa tunakitazama kwenye simu, tukipeana mikono, kilikuwa ndege bila yeye.

Nikamweleza Asumini, naye akawapigia wenye ndege. Baada ya muda akarudi na jibu: mama ameshaandikiwa safari ya kesho muda ule ule, na alitakiwa aende kwenye meza fulani apewe hoteli na chakula, lakini hajafika kwenye meza hiyo. Wamemwita kwa kipaza sauti. Kwa Kiingereza na Kiarabu.

"Jengo hilo ni kubwa kama nini?" Baba Asumini akaniuliza.

Nilikumbuka ule ukungu wa Newala. Nikamwambia ninachokijua tu. "Sijalifika. Ni kubwa. Lakini lina kuta, na hawezi kutoka bila mtu kuiona pasipoti yake. Yuko ndani. Hilo nina hakika nalo."

"Hana maji."

"Maji yapo humo."

"Haombi. Mke wangu haombi kitu kwa mtu asiyemwamkia."

Akakisukuma kikombe cha chai pembeni. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Ningekatalia hili jambo, mngesema mzee mkaidi."

Nilitoka nje, nikasoma soksi ya upepo ingawa hakuna ndege iliyotarajiwa, nikarudi. Alikuwa amekaa vile vile, simu kiganjani.

Alasiri ikaita. Namba ilikuwa ngeni, ndefu. Akaweka sauti ya nje.

"Assalamu alaykum. Nazungumza na Baba Asumini?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, Kiswahili cha pwani ya Kenya. "Mimi naitwa Mwanasiti, mtu wa Malindi, nafanya usafi hapa uwanjani Doha. Mama yenu niko naye. Namba yenu kaisema kwa kichwa."

Baba Asumini aliinama mpaka paji la uso likagusa meza.

Mwanasiti akatuhadithia, akicheka katikati. Alikuwa anasukuma kigari chake cha usafi akamwona mama mmoja ameketi, kanga mbili, mfuko mapajani, na kila anayepita, mkubwa kwa mdogo, anamwambia, "Shikamoo." Mzungu anapita, shikamoo. Mhindi, shikamoo. Watoto, shikamoo. Watu wanatabasamu wanaendelea. "Nami akaniambia shikamoo! Mtu mzima kama mamangu! Nikashtuka, nikamwambia, la, mama, usiniamkie mimi, nitapata dhambi, shikamoo wewe! Akanishika mkono hakuniachilia tena."

Simu ikahamia kwa mwenyewe.

"Baba Asumini?"

"Naam."

"Nimekunywa chai. Wanatia majani ya mnaanaa."

"Kwa nini unaamkia watoto, mke wangu?" Hilo ndilo lililomtoka, machozi yanamtiririka.

"Ningejuaje nani wa kwetu?" akasema. "Nikasema, asiyejua Kiswahili atapita. Anayejua ataona haya, atasimama."

Mimi nimefanya kazi na redio, na taa za ishara, na namba za siri za kuitana angani. Sijaona ishara iliyobuniwa vizuri kama ile.

Mwanasiti alimpeleka kwenye ile meza, akapewa chumba, na zamu yake ilipokwisha akarudi kumfikisha hadi mlango wa ndege. Siku iliyofuata, saa saba mchana ya Masasi, sisimizi mwingine akatua. Safari hii hatukupeana mikono. Tulisubiri. Ikaja picha: Mama Asumini amembeba mjukuu, Asumini amemkumbatia mama kwa nyuma, uso hauonekani. Ming'oko, vile viazi vya porini, aliyomchimbia bintiye haikufika. Watu wa ukaguzi wa mimea Perth waliichukua, wakamwachia korosho za kukaanga baada ya kuzinusa na kuziuliza maswali. Alikasirika kuhusu ming'oko ile kuliko kuhusu Doha.

Alikaa miezi mitatu. Siku ya kurudi Baba Asumini alikuwa tena ofisini, na sisimizi wetu akawa anajikokota. Zile saa kumi na nusu zilipita, akawa bado yuko juu ya bahari.

"Njia ni ile ile?" akauliza, nikaona anaanza kubadilika rangi.

"Ni ile ile. Kule juu sana, upande wa kusini, kuna upepo unaovuma kutoka magharibi. Wakati wa kwenda ulimsukuma. Sasa anaupiga kwa kifua. Huwa inazidi kama saa nzima."

"Kwa hiyo kurudi nyumbani ni mbali kuliko kuondoka."

"Kwa njia hiyo, ndiyo."

Alilifikiri hilo kwa muda mrefu, midomo ikicheza, kama anayesema na mtu.

Mama Asumini alifika Doha, akafika Dar, akalala kwa mpwa, akapanda basi. Jumamosi nilipanda Mnyambe kumwona, na kusema kweli sikwenda kwa heshima tu, nilikwenda na maswali. Tuliketi barazani kwao, karibu na tangi la maji ya mvua. Nikamuuliza masikio yaliziba? Yaliziba. Jua liliwawahi? Liliwawahi, aliswali alfajiri kabla hajapata usingizi. Alihisi basi? Alihisi, hata Ndanda aliihisi, akafunga mkanda mapema akagombezwa na jirani yake kwa ishara. Baba Asumini alikuwa pembeni akibangua korosho, anasikiliza bila kuinua kichwa.

"Na ulipotazama chini uliona nini?" nikamuuliza.

Hapo akapunguza furaha yake. Akaweka kikombe chini.

"Kulipokucha tulikuwa juu ya maji," akasema. "Nikasema ngoja tuvuke. Nikala, nikatazama, maji. Nikaswali, nikatazama, maji. Mchana kutwa, Mama Upendo. Nilitafuta hata mtumbwi. Mimi kutoka hapa mpaka Masasi kwa miguu nimewahi kwenda, nikichoka napiga hodi, napewa maji, hata kwa nyumba ambayo maji yenyewe wameyabeba kwa kichwa kutoka bondeni. Kule hakuna nyumba. Hakuna mlango. Kati yangu na mwanangu hakuna mtu hata mmoja wa kumpigia hodi." Akamtazama mumewe. "Yule mtoto alipita hapo peke yake, mara ya kwanza, hana mama, hana mtoto. Hakutuambia."

Baba Asumini aliacha kubangua. Akajifuta utomvu mikononi kwa majani, akachukua simu, akaenda hadi mahali pa uwanja ambapo mtandao hushika, karibu na banda la kuku. Akapiga. Tulimsikia.

"Asumini. Ni mimi." Akatulia. "Hapana, mama yako mzima, yuko hapa na Mama Upendo. Hapana, sikupigii kuhusu Idi." Akatulia tena, akageuka kutupa mgongo. "Nimepiga kukwambia pole. Pole na njia, mwanangu. Sikujua."

Upande wa pili hapakusikika kitu kwa muda, mpaka akaitazama simu kama salio limekwisha. Halafu akairudisha sikioni haraka.

"Niko hapa," akasema. "Lia tu, mama. Mimi niko hapa, sikati."